Kujitolea au Kujitoa?

Baina ya neno kujitolea na neno kujitoa pana silabi moja tu. Mtu akijitolea husifiwa: ametoa nguvu zake na wakati wake kwa ajili ya wengine bila kudai ujira. Mtu akijitoa huulizwa sababu: amejitoa katika chama, amejitoa katika upatu, amejitoa katika shughuli za ukoo, kawaachia wenzake mzigo. Lugha yetu imeyaweka maneno haya mawili jirani, na sisi wawili, mke na mume tunaojitayarisha kwenda kufanya kazi ya kujitolea Malawi kwa miaka miwili, tumeona kwamba katika maisha pia ni majirani. Safari moja, kwa tiketi moja ya ndege, yaweza kuwa kujitolea kwa watu wa kule uendako na kujitoa kwa watu wa kule utokako.

Ndugu wasomaji, swali tunalotaka kulizungumza ni hili: je, mtu ana haki ya kutoa kwa hiari kitu ambacho wengine wameshakitegemea? Sisi tulioko ughaibuni swali hili latuhusu zaidi kuliko wenyeji tunaoishi nao. Jirani yetu Mwingereza akiamua kwenda nje miaka miwili, hesabu yake ni ya nyumba, kazi na pengine mbwa wake. Sisi hesabu yetu ina watu walioko Tanga na Mombasa, na watu hao hawakuwahi kuandikishwa na shirika lolote.

Neno tuliloliona kwa jembe

Wengi wetu tuliokulia Tanzania na Kenya hatukulijua neno kujitolea kutoka kwenye vipeperushi vya mashirika. Tulilijua kwa jembe na matofali. Katika miaka ya baada ya uhuru kujitolea kulikuwa ni kuchimba msingi wa darasa, kusomba mawe ya zahanati, kufyeka njia ya gari. Kenya waliita Harambee, wito ambao Mzee Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wa taifa zima mwaka 1963. Mwaka huohuo Tanganyika ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa.

Mwaka 1966 serikali ya Tanzania iliamua kwamba vijana waliomaliza masomo ya juu waingie JKT kwa lazima, na kwa muda fulani walipwe sehemu tu ya mshahara. Mwezi wa Oktoba wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam wakaandamana kupinga. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, lakini alifanya na jambo la pili ambalo halisemwi sana: alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtu anaweza kubishana hadi leo kuhusu adhabu ile. Kuhusu mshahara, hata hivyo, alishika jambo la msingi. Anayedai kwamba nchi ijengwe kwa kutoa, aanze kutoa kilicho chake.

Wazazi wetu waliwaona pia wa kutoka nje. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea vijana wa Kimarekani wa Peace Corps, mwaka 1961, nao walikuwa wapimaji wa ardhi, wahandisi na wajiolojia. Walikuja wakapima njia za barabara, wakaondoka. Watu wa kwetu waliwapikia, wakawafundisha Kiswahili, wakawapa majina. Hatukumbuki kumsikia mzee yeyote akiuliza: huyu kijana nyumbani kwao kamwachia nani kazi ya kumtazama mama yake? Aliyepokea hana desturi ya kuuliza zawadi ilitoka mfuko gani. Sasa ni zamu yetu kuwa wenye kwenda, na swali hilo imetupasa kujiuliza wenyewe.

Nani anayelipa?

Mwandishi Charles Dickens, katika kitabu chake Bleak House kilichotoka kwa sehemu kati ya mwaka 1852 na 1853, alimchora mama mmoja wa London aitwaye Bibi Jellyby. Mama huyu moyo wake wote uko Afrika, katika mahali pa kubuni kando ya mto Niger. Mchana kutwa anaandika barua za kuwasaidia watu wa huko. Nyumbani mwake watoto wanaanguka ngazini, mmoja amekwama kichwa kwenye vyuma vya uzio, chakula hakijaiva, na mume amekaa kimya. Binti yake mkubwa, Caddy, vidole vimejaa wino kwa sababu yeye ndiye anayeandikishwa barua hizo.

Wengi humsoma Bibi Jellyby kwa kucheka. Sisi tulipomfikiria tena tulimwona zaidi yule binti. Kama mtu angeuliza katika nyumba ile nani amejitolea kwa ajili ya Afrika, jibu la haki lingekuwa Caddy. Ujana wake ndio uliotolewa, na aliyeutoa si yeye. Mama yake alikuwa akigawa mali ya mwenzake na kupokea sifa kwa jina lake mwenyewe.

Dini zetu zililijua tatizo hili zamani. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Yesu anawakemea watu waliotumia desturi ya korbani, yaani kuiweka mali wakfu kwa Mungu, na kwa njia hiyo wakajipatia udhuru wa kutowasaidia baba na mama. Katika Uislamu, Hija yenyewe, ambayo ni nguzo, haimlazimu mtu mpaka awe na uwezo, na wanavyuoni wa fiqhi wanaeleza kwamba katika uwezo huo imo posho ya kuwatosha wanaomtegemea mpaka arudi, baada ya madeni yake. Ikiwa kwenda nyumba ya Mwenyezi Mungu kunasubiri unga wa watoto, basi kwenda hospitali ya watu kutasubiri vilevile.

Tukaketi mezani na daftari. Mmoja wetu ni muuguzi wa wodi ya wazazi, mwingine ni mhasibu, kwa hiyo mahesabu hayakuwa tabu. Kila mwezi tunatuma pauni 150 Tanga kwa mama, za chakula, dawa ya presha na mshahara wa binti anayekaa naye. Tunatuma pauni 100 kwa ajili ya mpwa wetu aliyeko chuo kikuu. Misiba, harusi na paa lililovuja hatukuviandika, kwa kuwa hivyo havina mwezi maalumu. Shirika litatupa nyumba na posho ya kujikimu kule Malawi. Posho hiyo yatosha kula, haitoshi kutuma. Pauni 250 mara miezi 24 ni pauni 6,000.

Daftari lilitueleza jambo ambalo hotuba za kuagwa haziwezi kulisema. Kama tungeondoka vile tulivyokuwa, mfadhili mkubwa wa safari yetu asingekuwa shirika wala sisi. Angekuwa bibi mmoja wa Chumbageni pamoja na mjukuu wake. Wangeichangia hospitali ya Malawi pauni 6,000, tena bila kuulizwa.

Kuna hoja nzito upande wa pili, na si haki kuipita kimya. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1972 kuhusu njaa na utajiri, alisema kwamba umbali haupunguzi wajibu: kama ungemwokoa mtoto anayezama katika dimbwi lililo mbele yako, huna hoja ya kumwacha mtoto afaye mbali. Akija mtu na mizani hiyo atatuambia kwamba mama aliyelala chini katika wodi isiyo na mkunga ana shida kubwa kuliko mwanafunzi wa chuo kikuu, basi mwacheni mwanafunzi. Twakubali kwamba umbali haupunguzi wajibu. Lakini ahadi inauongeza. Mpwa wetu hakuanza chuo kwa bahati nasibu. Alianza kwa sababu tulimwambia anze. Tukimwachia njiani, atakuwa katika shida ambayo sisi ndio tuliomwingiza. Dawa ya deni ni kulipa, na sadaka si risiti ya deni.

Kuaga si kuarifu

Siku hizi ni rahisi kuwaambia watu habari. Unaandika mistari mitatu katika kundi la ukoo kwenye simu, unapokea mashaallah na hongera ishirini, mambo yamekwisha. Hiyo ni kuarifu. Kuaga ni kitu kingine. Anayeaga anasimama mbele ya mtu mwenye uwezo wa kusema hapana, na anasubiri. Kwetu kijana hakutoka nyumbani kwenda safari ya mbali kabla ya kukaa na wazee, na wazee hawakuwa mapambo. Waliweza kusema, subiri mavuno, au subiri ndugu yako arudi.

Jean-Paul Sartre, katika mhadhara aliotoa Paris Oktoba 1945, alisimulia habari ya mwanafunzi wake wakati wa vita. Kaka wa kijana huyo alikuwa ameuawa mwaka 1940. Baba aligombana na mama. Mama akabaki hana tumaini ila huyu mwanawe mmoja. Kijana akawa njia panda: abaki na mama, au aende Uingereza kujiunga na jeshi la Wafaransa huru. Sartre akamwambia kwamba hakuna kanuni itakayomwamulia. Yu huru, achague.

Kisa hiki kimefundishwa vyuoni kwa miaka mingi kama mfano wa uhuru wa binadamu. Kwetu sisi kina kasoro moja ambayo mzee yeyote wa pwani angeiona mara moja: katika hadithi yote hiyo mama hatumsikii akiulizwa. Anatajwa, anahurumiwa, anapimwa kama jiwe la mizani, lakini hasemi neno. Linganisha na ile hadithi maarufu ya Mtume Muhammad (s.a.w.), pale mtu mmoja alipomwendea akitaka ruhusa ya kwenda jihadi. Swali aliloulizwa ni kama wazazi wake wako hai. Alipojibu kwamba wako hai, aliambiwa jihadi yake aifanye katika kuwahudumia hao.

Basi tukamuuliza mama. Tulitaraji azungumze habari ya fedha, na tulikuwa tumejiandaa kwa hilo: ndugu yetu aliyeko Maskati alikwisha kubali kwa hiari yake kubeba dawa na chakula kwa miaka hiyo miwili. Mama hakuuliza fedha. Aliuliza, "Hiyo Malawi, nikizidiwa, mtakuja kwa nini?" Tukamweleza: kutoka Mzuzu kuna basi hadi mpaka wa Songwe, kisha Mbeya, Morogoro, Chalinze, na kutoka hapo Tanga. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wanangu mnaniaga nini? Mbona mwarudi karibu?"

Jibu hilo lilitufunza kwamba hata madeni tulikuwa hatujayajua yote. Tulidhani tunadaiwa pauni, kumbe deni kubwa lilikuwa ni kuweko. Miaka yote hii Uingereza tumekuwa tukilipa fedha badala ya kuonekana, na mama amekuwa akipokea bila kusema kwamba si hicho alichotaka. Hesabu ya mezani ilikuwa sahihi kwa tarakimu, lakini wenye daftari tulikuwa tumeandika safu moja tu. Safu ya pili asingeweza kuijaza mtu ila yeye. Ndiyo sababu ya kuuliza: hatuulizi kwa adabu pekee, twauliza kwa sababu anayedai ndiye ajuaye anadai nini.

Si kila aliyeulizwa alitoa ruhusa. Mpwa wetu alisema kwa heshima kwamba yeye hawezi kusema hapana kwa wakubwa zake, ila amebakiza mwaka mmoja. Anayesema hivyo amekwisha kusema hapana. Kwa hiyo tumeliandikia shirika kuomba tuondoke mwaka mmoja baadaye. Tumejibiwa kwamba nafasi ya muuguzi itasubiri lakini ya mhasibu haina ahadi. Hiyo ndiyo bei, nasi twaona ni halali tuilipe, kwa kuwa safari hii inatoka mfukoni mwetu.

Wawili katika chombo kimoja

Mabaharia wetu walikuwa na usemi: usisafirie nyota ya mwenzio. Mke na mume wanaojitolea pamoja wako katika hatari hiyo hasa. Mmoja huwa na wito, mwingine huwa na ndoa. Mwenye wito huomba, hupata, husifiwa. Mwenziwe hufungasha.

Historia yenyewe imejaa wenzi wa namna hii. Shirika la VSO la Uingereza lilianzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson pamoja na mkewe Mora. Mora alikuwa mchoraji na mwandishi, alishiriki kazi ile tangu mwanzo, lakini watu wakilitaja shirika hilo jina linalotangulia ni la mume, na mara nyingi huishia hapohapo. Peace Corps wana kanuni tunayoiona ya busara: mke na mume wakitaka kwenda pamoja, kila mmoja huomba kwa nafsi yake, na kila mmoja huwa na kazi yake kwa miezi 27. Hakuna anayekwenda kama mzigo wa mwenziwe.

Sisi tulijiwekea utaratibu. Kila mmoja alichukua karatasi, akaenda chumba chake, akaandika kwa nini anataka kwenda, kisha tukabadilishana. Karatasi moja ilikuwa na ukurasa mzima juu ya wodi na akina mama. Nyingine ilikuwa na sentensi moja: "Naenda kwa sababu wewe unakwenda." Ni ya nani hatutasema.

Tuliijadili sentensi hiyo wiki nzima. Je, huko ni kujitolea? Mwanzoni mmoja wetu aliona si kujitolea, ni kufuata tu. Lakini kumfuata mtu umpendaye si aibu. Watu wengi wa ughaibuni walifika huku kwa kumfuata mwenzi, na wengine wamejenga makubwa. Aibu ingekuwa kuificha sentensi ile chini ya ukurasa wa watu wengine, ili siku mambo yatakapokuwa magumu, joto limezidi na umeme umekatika siku ya tatu, mfuasi aanze kumdai kiongozi shukrani ambayo hawakuwahi kukubaliana. Sadaka isiyotajwa hugeuka deni lisiloandikwa, na hakuna deni gumu kulipa kama hilo.

Basi tukaandikiana mambo mawili. La kwanza, kila mmoja atakuwa na kazi yenye jina lake, hata kama ni ya kuhesabu dawa katika ghala la hospitali. La pili, yeyote kati yetu akisema turudi, tutarudi, wala hataulizwa aeleze zaidi ya anavyopenda kueleza. Rafiki mmoja alituambia kwamba sharti hilo la pili litavunja safari. Sisi twaona ndilo linaloifanya iwe ya hiari. Anayeweza kusema turudi na akabaki, huyo amejitolea kila asubuhi.

Kilicho chetu wenyewe

Ukishaondoa vya watu, kinachobaki ndicho cha kutoa, nacho si kidogo. Hapa matayarisho ya kawaida yana uzito wake, na tunayataja kwa faida ya wengine.

Kwanza ni haki ya kurudi. Kwa kawaida mtu asiye raia mwenye kibali cha kuishi Uingereza bila kikomo hukipoteza akikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Mmoja wetu bado ana kibali tu, kwa hiyo tutakata safari katikati na kurudi. Ndugu zetu wa Marekani wenye grini kadi wajue kwamba anayetaraji kukaa nje zaidi ya mwaka hutakiwa kuomba kibali cha kurudia kabla hajaondoka. Pili ni afya. Wengi wetu tuna kiburi cha malaria: tumezaliwa nayo, itatufanya nini? Ukweli ni kwamba aliyekulia Tanga akakaa Ulaya miaka mingi, kinga ile hupungua, naye huhitaji chandarua na dawa za kujikinga sawa na mgeni mwingine. Tatu ni nyumba. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Peace Corps waliwarudisha watu wao wote kutoka nchi zaidi ya 60. Kwa hiyo tumepangisha nyumba yetu kwa mkataba mfupi. Na mwisho ni wasia, ambao kila mmoja ameuandika na kuusaini.

Mshahara, cheo kazini, michango ya pensheni, usalama wa kibali, starehe ya nyumba yenye joto wakati wa baridi: hivi vyote ni vyetu, na kuvitoa hatuhitaji ruhusa ya mtu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo hutumika kumtia moyo maskini naye atoe. Tunadhani yamwonya na tajiri: fedha za kutoa zaweza kuwapo, na moyo unaotolewa ukawa wa mtu mwingine.

Mbona si kwetu?

Swali hili tumeulizwa Mombasa, tumeulizwa Tanga, tumeulizwa hata msikitini hapa Reading. Kama mna huruma, zahanati za kwetu hazina shida? Ni swali la haki. Jibu letu la kwanza ni kwamba kwetu hatuwezi kuwa watu wa kujitolea. Kwetu sisi ni wadaiwa. Tunachokifanya Tanga ni wajibu, na hakistahili jina la kupamba.

Lakini swali hilo lina mwiba uliofichika. Ni rahisi kumtendea wema mgeni kuliko ndugu, kwa sababu mgeni hana daftari lako. Hajui ulichoahidi mwaka juzi. Wengine hukimbilia wema wa mbali ili wapumzike na madai ya karibu, wakapigiwa makofi kwa mapumziko hayo. Hatujui njia ya kujipima ila ile tuliyokwisha kuieleza: lipa kwanza, uliza kwanza, kisha uone kama hamu ya kwenda bado ipo. Kwetu bado ipo, ingawa imepungua kelele.

Na kwa nini Malawi hasa? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Malawi ilipoteza wauguzi wengi waliokuja kufanya kazi hapa Uingereza. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 2004 serikali ya nchi hiyo, kwa msaada wa Uingereza na wengine, ikaanzisha mpango wa dharura wa kuongeza mishahara ya wahudumu wa afya kwa asilimia 52, na kuleta madaktari wa kujitolea kuziba pengo kwa muda. Mmoja wetu amefanya kazi wodi moja na wauguzi wa Kimalawi, amefundishwa nao, amefunikwa nao zamu za usiku. Tukilitazama hivyo, hata hili tunaloliita kujitolea lina harufu ya kulipa, na hatuoni kwamba linapungua thamani kwa hilo.

Bado kuna onyo la Ivan Illich. Aprili 1968, huko Cuernavaca, Mexico, padri na mwanafikra huyu aliwaambia wanafunzi wa Kimarekani waliokuja kujitolea kwamba waje kutembea, waje kujifunza, wapande milima, lakini wasije kusaidia. Aliwaona hawana uwezo hata wa kujua madhara wanayoyafanya. Maneno makali, na kwa wengi ya kweli.

Jibu letu kwake limo katika methali kila mtoto wetu anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisoma kama dongo kwa mgeni mvivu. Lakini tazama nani anayetoa jembe. Ni mwenyeji. Jembe ni lake, shamba ni lake, na ndiye ajuaye wapi palimwe. Mgeni hakuja nalo begani. Tunajifunza Kichewa, na twafurahi kukuta munthu ni mtu, madzi ni maji na nyumba ni nyumba. Tutakaa zile siku mbili kwa kunyamaza, hata zikiwa ni miezi miwili, mpaka muuguzi mkuu wa pale atupe jembe. Asipotupa, tutakuwa tumekwenda kujifunza, na hilo Illich aliliruhusu.

Kwa sasa masanduku yako juu ya kabati, na mwaka wa mpwa wetu unakwenda. Kama wapo miongoni mwa wasomaji wenzi waliokwisha kwenda na kurudi, tungependa kusikia kwao ni nani waliyemuuliza, na ni nani waliyesahau kumuuliza. Tuombeane kheri.